Petroli ya Mahindi Haitaingia Kwenye Tangi Langu

Two Harbors, Minnesota
13 Oktoba 2013

Kaka Orlin,

Nakusalimu wewe na wifi Ardis, na yule mbwa wenu kama bado yu hai. Huku tu wazima. Miti imepukutisha majani yote, ziwa limeanza kununa, na jana asubuhi ndoo iliyokuwa barazani ilikuwa na ngozi ya barafu. Darrell alikuja Jumapili kutoka Duluth na watoto wake, amebeba supu kwenye sufuria, kana kwamba mama yake siku hizi hajui jiko liko wapi. Mimi niliyewapikia watoto wa shule wa wilaya hii mpaka nikastaafu.

Nyonga inapona. Natembea na mkongojo mmoja. Nilishakueleza kwamba niliteleza kwenye ngazi za nyuma, kwa hiyo habari za ngazi zimekwisha.

Salamu zinatosha, sasa nisikilize. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii hata nikipiga kelele, na kwa sababu nataka ulijue jambo hili kutoka kwangu kabla mwanangu hajakusimulia kwa namna yake. Darrell anataka niuze pikipiki. Ameshatafuta na mnunuzi. Halafu anataka nihamie kwenye zile fleti za wazee huko Duluth, zenye lifti na mtu wa kukugongea kila asubuhi kuuliza kama umeamka. Nimemwambia siku ambayo sitaamka atajua bila kugonga.

Siuzi. Pikipiki ile tuliinunua mimi na Milton mwaka tuliooana, na kile kigari cha ubavuni alikichomelea kwa mikono yake. Milton amekufa, pikipiki haijafa. Nitailaza majira haya ya baridi kama tulivyoilaza miaka yote, na theluji ikishayeyuka nitaiendesha mpaka shambani kwenu Iowa, nile kwenye meza ya Ardis.

Na kabla hujauliza: nimeijaza petroli tupu, ile isiyotiwa spiriti, kutoka kituo cha gatini wanakojazia boti. Petroli yenu ya mahindi haitaingia kwenye tangi langu. Spiriti inakunywa maji hewani. Iache imelala mpaka majira ya kuchipua, uone maji yamejitenga yakatuama chini, tangi limeshika kutu na kabureta imejaa ulimbo. Unalijua hilo vizuri, ila huwezi kulisema kwa sababu mahindi yako ndiyo yanayokwenda kiwandani kutengenezwa spiriti hiyo.

Mimi dada yako,
Lavonne

*

Rock Rapids, Iowa
27 Oktoba 2013

Dada Lavonne,

Barua yako nimeipata nikiwa juu ya mashine ya kuvunia, binti yangu Janelle aliniletea pamoja na sandwichi. Mbwa yupo, anakoroma kuliko mimi. Mavuno si haba ingawa mvua ilituchelewesha, na mahindi bado yana unyevu, tunayakausha usiku na mchana. Ardis ni mzima, anakusalimu.

Sasa hizo ngazi zako. Darrell alipiga simu, nikampa Janelle asikilize kwa niaba yangu. Anasema hukuteleza ngazini hata kidogo. Anasema ulikuwa unaisukuma pikipiki peke yako kuipandisha kilima cha karakana, ikarudi nyuma ikakulalia. Anasema alikukuta chini unaisema pikipiki, wala hulii. Hilo la mwisho ndilo pekee lililonifanya niamini kwamba ni wewe.

Dada, una miaka sitini na minane na nyonga yenye misumari. Sikiliza mtoto wako. Uza.

Kuhusu petroli, lori langu limekunywa petroli ya mahindi tangu ilipoanza kuuzwa na sijawahi kuuona huo ulimbo wako. Watu hawatumii vyombo vyao, vinaharibika kwa uvivu, halafu lawama anabebeshwa mkulima. Chombo kinachotembea hakina matatizo.

Lakini kwa kuwa najua hutanisikia: jaza tangi mpaka shingoni, hewa isipate pa kukaa. Tia dawa ya kutunzia petroli, uwashe injini iungurume kidogo ili dawa ifike kwenye kabureta. Halafu funga koki, iache injini inywe kilichobaki mpaka ife yenyewe. Betri iingie ndani ya nyumba. Ziba ekzosi kwa sufu ya chuma, panya wanapenda kuzaa humo. Nimekueleza kama mtaalamu tu. Kama kaka nasema uza.

Orlin

*

Two Harbors
10 Novemba 2013

Kaka Orlin,

Salamu kwenu nyote. Msimu wa kuwinda paa umeanza, barabara zimejaa wanaume waliovaa rangi ya machungwa, na mchungaji wetu amehubiria viti vitupu na wanawake. Mkongojo nimeuacha, isipokuwa nikiwa mbele ya Darrell, maana ananihurumia nikiwa nao na kunikaripia nikiwa sina, na huruma yake ni fupi kuliko karipio.

Haya, ndiyo, iliniangukia. Umefurahi? Na ningeisukuma tena kesho. Sikuvunjika kwa uzee, nilivunjika kwa sababu kilima kilikuwa na majani yaliyolowa. Hata ungekuwa wewe ungeanguka, tena ungelia.

Ulichonieleza nilishakifanya chote. Betri iko jikoni kando ya kopo la mkate. Pikipiki imefunikwa shuka la maua lililokuwa la mama. Kila nikipita naligonga tangi kwa kidole, linajibu sauti ya kitu kilichoshiba.

Sasa na mimi nikuulize. Miaka yote barua yako ikiisha, chini yake Ardis huandika ya kwake: keki gani aliyooka, nani kazaa, nani kanenepa. Safari hii umeniandikia kwamba ni mzima, ukaishia hapo. Mwandiko wake uko wapi?

Lavonne

*

Rock Rapids
15 Desemba 2013

Dada Lavonne,

Heri ya Krismasi inayokuja. Kanisani tulikula samaki aliyelowekwa kwenye magadi juzi, anateleza na kunuka kama miaka yote, na watu walirudia sahani kama kawaida. Janelle ametengeneza chapati za viazi, si kama za mama lakini zinaliwa.

Ardis ana shughuli nyingi za sikukuu, hakupata nafasi ya kuandika.

Nimemuuliza mtu wa kiwandani kuhusu maneno yako. Anasema ukifuata maelekezo spiriti haina tatizo. Nakufikishia tu.

Orlin

*

Two Harbors
12 Januari 2014

Kaka Orlin,

Mwaka mpya mwema. Baridi ya mwaka huu inaumiza meno hata ukifunga mdomo. Ziwa limeganda mpaka jicho linapokoma, na usiku barafu inapasuka kwa mlio kama mtu anayeburuta makabati angani. Shule zilifungwa. Mabomba ya jirani yalipasuka. Ya kwangu hayakupasuka, na Darrell alipokuja kuyakagua alionekana kusikitika kidogo.

Ardis hakuwahi kukosa nafasi ya kuandika. Alikuwa akiniandikia akiwa na mtoto kwenye titi. Niambie.

Lavonne

*

Two Harbors
16 Februari 2014

Orlin,

Sikusalimu. Nimempigia Janelle. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akasema, "Shangazi, muulize baba."

Nakuuliza.

L.

*

Rock Rapids
2 Machi 2014

Dada yangu,

Nisamehe kwa ukimya. Sisi si wazima sana, kwa hiyo sitaanza kwa kusema tu wazima.

Ardis anasahau. Ilianza mwaka juzi kwa vitu vya kuchekesha, chumvi kwenye kahawa, viatu kwenye friji. Nikamfunika. Mtu akimuuliza neno, najibu mimi. Kanisani namshika mkono, watu wanadhani tumezidiwa na mapenzi ya uzeeni. Barua alijaribu kuandika. Aliandika "Mpendwa Lavonne" akakaa na kalamu mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza Lavonne ni nani. Sikuweza kukuandikia hilo. Hata sasa mkono unakataa.

Januari, siku ile ya baridi kali kuliko zote, nilisinzia mchana kwenye kiti. Unajua masikio yangu, sikusikia mlango. Alitoka na gauni la kulalia na ndara, amebeba bakuli la makombo, anakwenda kulisha kuku. Kuku hatujafuga tangu Janelle aolewe. Nilimkuta kwenye banda la matrekta amekaa juu ya gurudumu, anawaita. Baridi iliviua vidole viwili vya mguu, ikabidi daktari avikate.

Janelle alikuja na gari lake akasimama jikoni bila kuvua koti. "Baba, imetosha," akasema. "Kuna nyumba nzuri mjini. Kuna wauguzi. Milango inafungwa."

Nikamwambia, "Hata hapa milango inafungwa."

"Wewe husikii ikifunguliwa."

"Nitafunga kengele."

"Husikii kengele, Baba."

Ana haki. Nilikasirika kwa sababu ana haki. Nikamwambia mama yake hatoki kwenye nyumba hii mpaka mimi nitoke, akaondoka akilia. Tangu hapo nalala nimefunga mshipi wa koti langu la kuogea kwenye kiwiko chake na changu. Akiinuka, naamka.

Sasa unajua kwa nini nilikwambia uuze. Sikuwaza nyonga yako wala pikipiki. Nilitaka mmoja wetu awasikilize watoto, ili mimi nisiwe mbishi peke yangu.

Orlin

*

Two Harbors
23 Machi 2014

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Kwanza, pole. Mpe Ardis pole kwa vidole vyake, hata kama hakumbuki alivipoteza wapi. Pili, mpumbavu wewe. Mwaka mzima na zaidi umembeba mwenzio mgongoni huku unaniandikia habari za unyevu wa mahindi. Unadhani mimi dada wa kazi gani?

Nitakuambia mambo mawili na hutapenda hata moja. Usimtoe Ardis nyumbani kwa sababu watu wanasema ndivyo inavyofanyika. Na usimweke nyumbani kwa sababu ya ubishi wako. Mshipi wa koti si muuguzi. Mruhusu Janelle atafute mwanamke wa kuja asubuhi, akae na Ardis wewe ulale. Kama ubishi unao wa kutosha, uutumie kulala. Mimi nilimuuguza Milton nikakataa msaada mpaka nikadondoka juu yake, na hakuna aliyenipa nishani.

Mwezi wa tano nakuja. Na pikipiki. Mwambie Ardis. Akisahau, mwambie tena, atafurahi mara mbili.

Lavonne

*

Two Harbors
4 Mei 2014

Kaka Orlin,

Habari za siku nyingi, na za huyo mama anayekuja asubuhi. Janelle anasema anaitwa Bernadine na anakupiga marufuku jikoni. Nimempenda kabla sijamwona. Huku theluji imebaki kwenye vivuli tu, ila ziwani bado kuna vipande vya barafu vinaelea mwezi wa tano huu, aibu tupu.

Sasa sikia kilichonipata, na uwe umekaa.

Jumatatu niliitoa pikipiki. Nikarudisha betri, nikazibua ekzosi, nikafungua koki, nikapiga kiki. Haikushika. Nikapiga mpaka mguu mzima ukaomba kubadilishana na mbovu. Inakohoa, inatema moshi, inakufa. Nikavua mpira wa petroli nikamwaga kidogo kwenye chupa ya jemu. Orlin, chini ya chupa kulikuwa na maji, yamejitenga kabisa kama mafuta na mchuzi. Kabureta niliikuta imejaa uji wa kijani.

Nilijiona nimechanganyikiwa. Petroli ile nilinunua mwenyewe gatini, niliijaza mwenyewe. Nikaanza kuwaza labda ni mimi. Labda nimeanza kama Ardis, labda nilijaza nyingine nikasahau. Usiku ule sikulala. Nikafikiria zile fleti zenye lifti, na kwa mara ya kwanza sikucheka.

Darrell alikuja Jumamosi. Nikaiweka chupa ya jemu mezani mbele yake. Akaitazama. Akawa mwekundu kuanzia shingoni, kama alivyokuwa utotoni.

"Mama," akasema, "yule mnunuzi alitaka kuijaribu."

"Lini?"

"Novemba. Ulikuwa kwenye mazoezi ya mguu. Alizunguka nayo mpaka karibu imalize mafuta. Nikajaza tena pale barabara kuu ili usijue."

"Ukajaza ipi?"

"Ya kawaida, yenye spiriti. Mama, petroli ni petroli."

"Ukaichukua betri jikoni kwangu, ukairudisha kando ya mkate?"

"Ndiyo."

Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja meza, na wakati huohuo, kaka, nilitaka kuimba. Akili yangu ilikuwa nzima. Ni mwanangu aliyekuwa mwongo, na hilo linatibika.

Nikamwambia, "Hutaomba radhi kwa maneno. Vua koti."

Tuliifungua kabureta juu ya meza ya chakula, kwenye gazeti. Yeye alishika taa, mimi nilizibua vitundu kwa waya mwembamba. Tangi tulilimwaga, tukalisuuza kwa petroli safi, tukatia ya gatini. Alinuka mpaka mkewe akamfukuza kitandani, nasikia. Katikati ya kazi akaniuliza, taratibu, "Mama, ukianguka tena peke yako huku?"

Nikamjibu, "Nitakuwa nimeanguka nyumbani kwangu. Ila simu nitaivaa shingoni. Hilo nakupa. Jingine sikupi."

Akafikiri. Akasema, "Haya."

Jioni ile ikashika kwa kiki ya pili. Darrell alicheka kama mtoto. Naondoka tarehe kumi na tisa, nitalala njiani usiku mmoja. Kama una neno la kutetea mahindi yako, liandike sasa.

Lavonne

*

Rock Rapids
11 Mei 2014

Dada,

Tuko salama. Tumepanda. Bernadine ni dikteta, nalala.

Petroli haina kosa. Kosa ni la aliyeiacha imelala bila dawa. Hapo ndipo nitakapofia.

Usipite barabara kuu, kuna malori ya mbolea. Ukifika, usimsahihishe Ardis. Akikuita mama yake, itika.

Njoo.

Orlin

*

Rock Rapids
15 Juni 2014

Dada Lavonne,

Natumaini ulifika nyumbani salama na nyonga imekusamehe. Huku mahindi yamefika magotini. Mbwa bado anakaa njiani anasubiri mlio wa pikipiki yako, amekuwa mjinga kabisa.

Nilitaka kukuandikia mapema lakini nilitaka kwanza nione mambo yatakavyokuwa, nisije nikakuandikia furaha ambayo kesho yake haipo.

Uliniuliza siku ile unaondoka kama nilikasirika ulipomweka Ardis kwenye kigari. Nilikasirika. Nilikuwa kwenye ghala, nikatoka nikakuona umeshamfunga mkanda, na Bernadine badala ya kukuzuia anashikilia mlango wa uzio. Nilipiga kelele msimame. Mlijifanya viziwi nyinyi, wakati kiziwi ni mimi. Nikasimama pale barabarani nikitazama vumbi likizunguka shamba lote, upande wa mashariki, upande wa kisima, mpaka likarudi. Ardis alikuwa ameinua mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tulipokuwa vijana. Alisema nini kule njiani hukunieleza, na yeye hakumbuki. Basi iwe yenu.

Baada ya kuondoka kwako ndipo tulipogundua umesahau helmeti ya Milton, ile nyeupe uliyomvika. Ardis hataki kuivua. Anakula nayo. Bernadine anambembeleza ndipo aivue kulala, na asubuhi anaitafuta kabla ya miwani.

Jumanne Janelle alikuja kumchukua wakaione ile nyumba ya mjini. Tulikubaliana mimi na yeye, kuiona tu. Nimekubali kwamba mavuno yakipita tutazungumza, na kwamba huenda nitasema ndiyo. Naandika hivyo kwa kalamu ili nisije nikakana. Lakini si kabla ya mavuno, na Ardis hataondoka hapa akiwa hajui anakokwenda.

Janelle akamkuta mama yake barazani, amevaa vizuri, mkoba mapajani, helmeti kichwani, mkanda umefungwa.

"Baba, mvue hicho kitu," akasema.

"Mvue wewe," nikamwambia.

Akajaribu. Ardis akaushika mkanda kwa mikono miwili, akainua kidevu. "Binti," akasema, "sijui wewe ni nani, lakini hiki ni changu."

Nilidhani Janelle atalia. Alikaa kwenye ngazi miguuni pa mama yake, mabega yakaanza kutikisika, na nilipomsogelea nikaona anacheka na kulia kwa pamoja. Akasema, "Leo hatuendi kuona nyumba. Twende tukale aiskrimu."

Tukaenda mjini, sote watatu. Tuliingia kwenye duka la aiskrimu Ardis akiwa mbele, helmeti kichwani, anachechemea kwa vile vidole vyake. Duka zima likageuka kumtazama. Zamani ningemshika mkono, ningejibu mimi, ningemfunika. Nikaweka mikono mfukoni.

Yule kijana wa nyuma ya kaunta akamuuliza kwa heshima kama ametoka mbali.

"Minnesota," akasema Ardis. "Na ninarudi."

Helmeti hutaipata. Nunua nyingine.

Kaka yako,
Orlin